Ekipe yenye iliuzishwa mtu kwa mtu: mazungumzo juu ya Virginia Squires

 

Komite ilituomba tuseme namna klabu inapanda na namna inaanguka. Tulitafuta mfano. Tungekamata wa hapa karibu, kesho asubui mtu angepiga simu kuuliza ni nani alitutuma na alitupatia pesa ngapi. Kwa hiyo tulienda mbali kabisa, mpaka Marekani, mu jimbo la Virginia, ku ekipe moja iliitwa Virginia Squires. Iliishi miaka sita tu, kuanzia 1970 mpaka 1976. Wengi kati yenu hamujasikia jina lake hata siku moja. Lakini watu wenye walipita pale munawajua, na wakati tutawataja mutashangaa.

Kwa nini hii? Juu mambo yake yote iko wazi, iliisha zamani, na hakuna mtu hapa wa kukasirika. Tena juu ekipe hii haikuanguka kwa kukosa wachezaji wazuri. Ilikuwa nao. Iliwauzisha.

Mu miaka ile Marekani ilikuwa na ligi mbili za basketi. Kulikuwa NBA, ile munaijua, na kulikuwa ingine iliitwa ABA, yenye ilianza mwaka wa 1967. ABA ndiyo ilicheza na mpira wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu. Ndiyo pia ilizoesha watu mstari wa pointi tatu. NBA iliukubali mu 1979 tu, wakati ABA ilikuwa imekufa. Vijana, kila mara munarusha kutoka mbali, kuna kitu munadai kwa ile ligi.

Wenye walianzisha ABA hawakuwa na mpango wa kuishi peke yao milele. Hesabu yao ilikuwa hivi: tuwasumbue watu wa NBA, tuwanyang'anye wachezaji, mishahara ipande, mpaka wachoke na watuingize ndani. Mtu ananunua ekipe kwa bei ya chini, anavumilia hasara miaka michache, kisha anaamka siku moja yuko na ekipe ya NBA. Mushike hilo, tutalirudilia, juu ndilo lilikula kila kitu.

Ekipe yetu haikuzaliwa Virginia. Ilizaliwa California, mu mji wa Oakland, jina lake Oaks. Mmoja kati ya wenyewe alikuwa mwimbaji, Pat Boone. Msimu wa kwanza ilishinda mechi 22 tu. Msimu wa pili ilishinda 60, ikakamata kombe la 1969. Munafikiri mji wote ulitoka barabarani? Hapana. Kiwanja hakikujaa, deni zikapanda, na avoka mmoja wa Washington, Earl Foreman, akainunua na kuihamisha. Mabingwa walihama mji hata mwaka haujaisha! Huko Washington ikaitwa Caps, ikakaa msimu mmoja. Washington iko upande wa mashariki ya Marekani, lakini ligi iliwaacha mu kundi la magharibi, kwa hiyo kila safari ilikuwa ya kuvuka inchi. Mwenye alipanga vile hakuwa analipa tikiti za ndege, ni wazi.

Mu 1970 ikahama tena. Ndiyo ikafika Virginia.

Hapo Foreman alileta wazo lenye kwa mara ya kwanza linasikika muzuri: ekipe isiwe ya mji mmoja, ikuwe ya jimbo zima. Icheze Norfolk, icheze Hampton, icheze Richmond, icheze Roanoke. Haikuwa peke yake. Carolina ilifanya vile, Florida pia, na Texas walijaribu. Juu ya karatasi ni hesabu nzuri: mji mmoja uko na watu kidogo, miji ine iko na watu wengi. Na majengo ilikuwa pale, mapya. Hampton ilikuwa imefungua uwanja wake mkubwa mu 1970. Mu 1971 Norfolk ikafungua wa kwake, unaitwa Scope, wenye kuingiza watu zaidi ya elfu kumi, na Richmond nayo ikafungua wake. Ile yote ni majengo ya serikali, yalijengwa na pesa ya raia.

Lakini muulize mtu yeyote mwenye anajua kupenda ekipe. Ekipe ya watu wote inaweza kukuwa ekipe ya mtu hata mmoja. Kutoka Norfolk kwenda Roanoke ni zaidi ya kilometa 400 ku barabara. Mtu wa Roanoke anaona ekipe "yake" mara chache kwa msimu, zingine anasoma mu gazeti. Atanunua tikiti ya mwaka muzima juu ya nini? Wachezaji nao walikuwa wageni hata wakati wanacheza "nyumbani": wanalala ku hoteli, wanapanda bisi. Roanoke iliachwa haraka. Ikabakia ile mingine mitatu, na Norfolk ndiyo ikakuwa kama kwao.

Sasa tufike ku uzuri wake, juu ulikuwapo, na hatutaki mutoke hapa munafikiri ilikuwa ekipe ya kuchekesha.

Mchezaji wake mkubwa wakati wa kuhama alikuwa Rick Barry, mmoja wa warushaji wakali kabisa wa Marekani. Barry hakutaka kwenda Virginia. Alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba hataki watoto wake wakue na lafuzi ya watu wa Kusini. Unaweza kuwaza namna watu wa Virginia walipokea ile. Foreman akamuuzisha kwa New York Nets, dola 200 000 na haki ya kuchagua kijana mmoja. Kila mtu alisema: muzuri aende. Na kwa kweli ilionekana muzuri, juu ile msimu wa kwanza, bila Barry, Squires walishinda mechi 55, wakapoteza 29, wakakuwa wa kwanza mu kundi la mashariki. Kocha wao, Al Bianchi, akachaguliwa kocha wa mwaka. Kijana mpya Charlie Scott, mwenye alikuwa Mweusi wa kwanza kupewa basi ya michezo ya basketi ku univerisite ya North Carolina, akakuwa nyota.

Tunafikiri ni hapo kosa la kwanza liliingia, na liliingia na sura ya ushindi. Waliuzisha mtu mkubwa, na hakuna kitu kibaya kilifika. Mwenye ekipe akajifunza kwamba mtu anaweza kuuzishwa na mlango wa kiwanja bado unafunguka.

Mwaka wa 1971 wakakamata kijana mmoja mwenye alikuwa bado mwaka mmoja kumaliza masomo ku univerisite ya Massachusetts. NBA haikuwa na mazoea ya kukamata wanafunzi, ABA haikujali. Jina lake Julius Erving. Ndiyo, yule yule, Dr. J.

Tukae hapa kidogo, juu ni sehemu tunapenda. Mu miaka ile, kuanzia 1967 mpaka 1976, basketi ya univerisite Marekani ilikataza kuingiza mpira kwa nguvu kutoka juu ya kikapu, ile munaita danki. Ilikatazwa! Kwa hiyo kijana mwenye mikono kubwa sawa karai, mwenye kuruka kutoka mbali na kubakia hewani mpaka mulinzi anateremka peke yake, alicheza miaka yake yote ya masomo bila ruhusa ya kuonyesha kitu chenye alijua zaidi. Watu wa kwanza kulipa tikiti na kumuona akifanya vile kama kazi yake walikuwa watu wa Norfolk, wa Hampton, wa Richmond. Si New York, si Los Angeles. Televizio ya inchi nzima haikuwa na haraka na ABA, kwa hiyo mambo mengi ya ile miaka hakuna picha zake. Iko mu vichwa vya wazee wa Virginia tu.

Msimu wake wa kwanza Erving alipata wastani wa pointi 27 kwa mechi. Charlie Scott alikuwa anafanya zaidi ya 34. Mu ekipe moja! Kisha, mbele msimu kuisha, Scott akaondoka, akaenda NBA, ku Phoenix. Squires wakaingia mu michezo ya mwisho bila yeye. Walifagia Floridians mechi ine kwa sifuri. Wakakutana na New York Nets kwa kutafuta nani anaenda ku fainali, wakafika mpaka mechi ya saba, wakaanguka. Na nani alikuwa nyota wa Nets? Rick Barry. Yule waliuzisha. Kwa ile michezo ya mwisho Erving alifanya wastani wa pointi 33 na mipira 20 yenye kukamata chini ya kikapu kila mechi, kijana wa miaka 22, na bado haikutosha.

Mwaka wenye ulifuata wakaokota mwingine. George Gervin alikuwa amefukuzwa ku ekipe ya univerisite yake juu alipiga mchezaji wa upande mwingine. Alikuwa anacheza mu ligi ndogo, mu mji wa Pontiac, mshahara kidogo. Squires wakasikia habari zake, wakamuita, wakamuona anarusha, wakamupa kontra mu mwezi wa kwanza wa 1973. Basi kwa nusu ya msimu ekipe moja ya Virginia ilikuwa na Erving na Gervin pamoja. Leo wote wawili wako mu nyumba ya heshima ya basketi. Charlie Scott pia yuko mule. Rick Barry pia. Muangalie vizuri: watu wane wa ile heshima, ku klabu yenye iliishi miaka sita. Mwenye kuchagua wachezaji pale alikuwa na macho. Ukosefu wa macho haukuwa shida yao.

Sasa hesabu.

Ligi mbili zilikuwa zinagombania wachezaji, na wakati wanunuzi ni wawili, bei inapanda. Kwa wachezaji ile ilikuwa haki yao, na sisi hatutamlaumu kijana hata mmoja kwa kukamata mshahara wake. Kwa mwenye ekipe ilikuwa kila mwaka mzigo unaongezeka. Na pesa ya kuingia ilitoka wapi? ABA haikuwa na kontra kubwa ya televizio. Ilibakia tikiti. Tikiti za miji ya kadiri, zenye kugawanywa mu viwanja vitatu.

Basi kwa nini Foreman hakufunga? Juu ya lile tuliwaambia mushike. Alikuwa anangojea ligi mbili ziungane. Wakati ekipe yake inafika Virginia, mu 1970, watu wote walisema muungano uko karibu. Lakini mwezi wa ine wa ule mwaka wachezaji wa NBA, chini ya jina la Oscar Robertson mwenye alikuwa mkubwa wa chama chao, wakapeleka NBA ku tribinali. Walisema: ligi zikiungana, mnunuzi atabakia mmoja, na mnunuzi mmoja anapanga bei vile anataka. Walikuwa na haki, hata sisi tungesema vile. Kesi ilikaa mpaka 1976. Miaka sita. Ni umri wote wa Squires.

Kwa hiyo kila mwaka swali lilikuwa lile lile: tuuzishe nini ili tufike mwaka kesho? Na kitu chenye kuwa na bei kilikuwa kimoja tu.

Tarehe 1 ya mwezi wa nane 1973, Erving aliuzishwa kwa Nets. Mwaka ulipita alikuwa amejaribu kukimbia, alisaini na Atlanta Hawks wa NBA, tribinali ikamurudisha. Kwa hiyo haiko kama alikuwa na furaha pale. Nets walitoa mamia ya maelfu ya dola, na mchezaji mmoja, George Carter. Erving alikuwa ametoka ku msimu wa pointi 31,9 kwa mechi, hakuna mtu alimupita mu ligi. Mu mwezi wa 11 wakamuuzisha Swen Nater, mtu mrefu, mpya, amecheza mechi chache tu: dola 300 000 kutoka San Antonio Spurs. Ule msimu Nater akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi, na jezi la San Antonio. Kisha mwezi wa kwanza wa 1974, Gervin. Miaka 21. San Antonio tena, karibu dola 225 000. Ni kusema Nater, mwenye leo wengi hamumujui, alilipwa bei kupita Gervin.

Miezi sita, watu watatu.

Na muangalie wakati wake. Ile mechi ya nyota wote wa ABA, ya mwaka 1974, ilichezwa mu mwezi ule ule, mu Scope ya Norfolk. Jimbo lilipokea ligi nzima nyumbani kwake, wakati habari ya kuuzishwa kwa Gervin iko inazunguka. Mkubwa wa ligi mwenyewe, Mike Storen, alijaribu kuzuia. Alisema biashara hii inaharibu ligi. Mambo yakaenda ku tribinali, San Antonio wakashinda, Gervin akaenda. Baadaye alikuwa wa kwanza kwa pointi mu NBA miaka ine.

Pale kwetu mu Masisi mtu akiona familia inauzisha ng'ombe ya maziwa ili kulipa mchungaji, hatauliza kama watafika mbali. Atauliza mchungaji atachunga nini.

Ekipe yenye ilibakia, watu hawakuja kuiangalia. Ile haihitaji maelezo marefu. Mu 1973-1974 ilishinda 28, ikapoteza 56. Foreman akaiachia kundi la watu wa biashara wa palepale Virginia. Mu 1974-1975 ilishinda 15, ikapoteza 69. Mu 1975-1976 ilishinda 15 tena, ikapoteza 68. Bianchi, yule kocha wa mwaka, alifukuzwa, na kisha yeye makocha wakapita kama wageni wa arusi. Mu 1975 Squires walikuwa na haki ya kwanza ya kuchagua David Thompson, kijana mwenye kila ekipe ya Marekani ilimutaka. Hawakuwa na pesa ya kumusainisha. Haki ikaenda Denver.

Ule msimu wa mwisho ma ekipe zilikuwa zinakufa kila upande. Baltimore haikucheza hata mechi moja ya msimu. San Diego ikafunga, Utah ikafunga, katikati ya michezo. Squires, wenye kupoteza kuliko wote, walifika mpaka mechi ya mwisho. Tunawapa ile heshima: walifika.

Mu mwezi wa tano wa 1976 ligi iliomba kila ekipe ilipe mchango. Wa Virginia ulikuwa dola 75 000. Hawakuupata. Ekipe ikafungwa.

Tarehe 17 ya mwezi wa sita, haukupita miezi miwili, muungano wenye waliungojea miaka sita ukafika.

Denver, Indiana, San Antonio na Nets wakaingia NBA, kila moja kwa kulipa dola milioni 3,2. Kulibakia ekipe mbili zenye hazikuingia, na zote mbili zililipwa ili zikubali. Mwenye Kentucky Colonels alikamata karibu milioni 3. Wenye Spirits of St. Louis, ndugu wawili, walikamata milioni 2,2, na juu yake wakaomba kitu chenye watu walikiona kidogo: sehemu ya pesa ya televizio ya zile ekipe ine, bila mwisho. Ile "bila mwisho" iliwaletea mamia ya milioni, mpaka mu 2014 NBA ikakubali kuwapa karibu milioni 500 zingine ili waache. Hiyo ndiyo ilikuwa inalipwa ku meza yenye Virginia walikosa kukalia juu ya elfu 75. Hatuseme NBA ingewakamata, hapana, hakuna mwenye angewakamata na ushindi 15. Lakini mwenye alikuwa angali hai siku ile, hakutoka mikono mitupu.

Na Nets? Walikuwa wameshinda kombe la ABA mara mbili na Erving, mu 1974 na 1976. Walipoingia NBA, iliwabidi walipe pia New York Knicks kwa kuingia mu eneo lao. Pesa ikakosekana. Munajua walifanya nini? Waliuzisha Erving kwa Philadelphia, milioni 3. Msimu wenye ulifuata walishinda mechi 22, wakapoteza 60. Ugonjwa wa Virginia ulihama na mchezaji. (Mutombo wetu alikuja kuichezea Nets ile ile, msimu wa 2002-2003, lakini hiyo ni hadithi ingine.)

Tangu 1976, Virginia haijapata ekipe ingine ya basketi ya kiwango kile. Scope ya Norfolk iko ingali inasimama.

Tumefikiri sana juu ya kitu kimoja. Mu hii hadithi yote, wakati wa kumuuzisha Erving, wakati wa Nater, wakati wa Gervin, nani aliuliza watu wa Norfolk? Pesa ya raia ilijenga uwanja. Raia walinunua tikiti. Waliambiwa "ekipe yenu". Lakini hakuna karatasi hata moja yenye iliandikwa "yenu". Kuna mji mwingine Marekani, Green Bay, wenye watu karibu laki moja tu, na uko na ekipe kubwa ya mpira wa Kimarekani, Packers. Ile ekipe tangu 1923 ni ya wafuasi wake. Walinunua hisa zenye hazilete faida hata franga moja, na bila wao ekipe haiwezi kuhama. Miji mikubwa mara kumi ilipoteza ekipe zake. Green Bay iko nayo mpaka leo. Hatuseme walikuwa na akili kupita watu wa Virginia. Walikuwa na karatasi.

Sasa tuje ku ile jambo iko mbele yenu, juu hamukutuita tu kwa hadithi.

Komite imewaambia kwamba kuna deni: ya kiwanja, ya safari za boti kwenda Bukavu, ya majezi. Prezida wa ekipe ametoa kutoka mfuko wake, na tunamushukuru mbele ya watu wote, juu wengi wenye uwezo kumupita hawatoe kitu. Na kuna klabu ya mbali yenye inataka vijana wetu wawili, na inataka jibu haraka. Hatutataja majina yao, wako hapa, na ni watoto wa watu.

Tunaanza na wao. Kama hawa vijana wanataka kwenda, waende. Mchezaji haiko gunia ya makala. Wachezaji wa Robertson walikaa ku tribinali miaka sita ili mtu asifungiwe na mnunuzi mmoja, na hatutakuwa sisi wa kuwafungia watoto wetu mu kartye. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwao na kwa wazazi wao, wasome kontra yote, na mtu mwenye kujua sheria akae pembeni yao. Siyo mtu wa klabu yenye inanunua. Siyo mtu wa komite pia.

Lakini kama ni sisi tunawasukuma ili deni iishe, basi tuseme wazi kwamba tunawasukuma. Na tuseme mwaka kesho tutamusukuma nani. Deni ilitoka ku kitu gani? Kama ni ku safari, safari zingali pale. Tukiuzisha wawili leo na safari inabakia ya bei ile ile, mwezi wa tisa tutarudi mu hii sale kuuzisha wawili wengine, na watakuwa wadogo zaidi. Tunaomba hivi: hakuna kuuzisha mbele ya hesabu kusomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, deni ya nani, ya tarehe gani, kwa nini. Na pesa yenye itaingia, kama itaingia, sehemu yake ikae upande kwa watoto wa miaka 14 na 15 wenye wanafanya mazoezi na mpira mmoja kwa watu 20. Erving na Gervin hawakuanguka kutoka mbinguni, kuna mtu alikwenda kuwatafuta. Mu Virginia ile kazi ya kutafuta waliifanya vizuri, kisha matunda yake wakalipia nayo umeme.

Tena jambo moja, tutalisema taratibu juu ya heshima. Prezida akilipa yote peke yake, hatuwezi kushangaa siku moja akiamua yote peke yake. Kama tunataka ekipe ikuwe yetu, kila mtu atoe kidogo na apewe karatasi yake, hata franga elfu moja kwa mwezi, na jina lake liandikwe. Wenye kupiga makelele ku mechi ni mia tatu. Wenye kuandikwa mu kitabu cha michango, tulihesabu jana na katibu, ni kumi na moja.

Kitabu cha hesabu kiko hapa ku meza, katibu amekubali kukifungua. Mwenye anajua kusoma asogee, na mwenye hajui akuje na mtoto wake. Mbele ya kupiga kura tutasoma kwanza ukurasa wa safari.